Daktari asiye na dawa ana kazi gani?

Yafuatayo ni mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni.



Juma lililopita niliteremka daladala pale Buguruni huku nikibishana na konda juu ya chenji yangu. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega. "Kaka, wewe si yule wa redioni? Sauti yako naijua." Nikakubali kwa aibu kidogo, maana sauti aliyoitambua ilikuwa ikigombania shilingi mia mbili.

Hakuwa na haja na habari za redio. Alikuwa na lake. Mama yake mzazi, alisema, alianza kufa kwa miguu. Alikuwa akikanyaga kaa la moto jikoni asisikie. Baadaye miguu ikakosa nguvu, akakonda, akazikwa hajafika miaka 50. Mjomba wake akafuata njia ile ile. Sasa ni zamu ya kaka yake, fundi seremala mwenye miaka 38: kandambili humvuka njiani, akaendelea hatua ishirini na mguu mtupu bila habari. Hospitali moja walimpa vidonge vya vitamini. Nyingine walimwambia hawaoni kitu. Ndipo wazee wakaenda kwa mganga, naye akasema babu yao alidhulumu mali ya yatima, ukoo umelaaniwa.

"Basi kaka," akaniambia, "hospitali hawakutupa jibu. Mganga katupa. Tumwamini nani?"

Mimi si daktari. Nina stashahada ya uandishi wa habari na miaka ishirini ya kushika kipaza sauti, na hayo hayampi mtu ruhusa ya kutibu watu kituo cha basi. Tena miguu kufa ganzi ni jambo la kawaida mno huku kwetu. Kisukari huleta, ukoma huleta, ulevi wa muda mrefu huleta, upungufu wa vitamini B12 huleta, virusi vya UKIMWI huleta, hata isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huweza kuleta. Mwenye ganzi na aanze kwa kupimwa hayo. Lakini yale maneno kwamba mganga angalau katoa jibu yalinifuata hadi nyumbani, nikalala nayo. Yalinikumbusha daktari mmoja aliyekaa nusu karne na wagonjwa wa ukoo wa namna hiyo akiwa hana dawa hata moja ya kuwapa.

Daktari huyo ni Mreno. Wareno sisi watu wa pwani tunawajua kwa mizinga. Walianza kujenga Ngome ya Yesu pale Mombasa mwaka 1593, wakatuachia maneno kama meza na leso, pamoja na kumbukumbu isiyo nzuri. Huyu ni Mreno wa aina nyingine. Jina lake Mário Corino da Costa Andrade, kwao wakimwita Corino de Andrade. Alizaliwa mwaka 1906 katika jimbo la Alentejo, kusini mwa Ureno, akasomea udaktari Lisbon, kisha akaenda Strasbourg, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya mishipa ya fahamu. Tuelewane hapa: hii siyo mishipa ya damu. Ni zile nyuzi zinazopeleka habari kutoka kwenye ngozi na misuli hadi kwenye uti wa mgongo na ubongo, na kurudisha amri. Nyuzi hizo zikiharibika, mguu upo lakini ni kama simu iliyokatwa waya.

Corino alikaa huko miaka mingi ya 1930, akafika hata Berlin kwa mabingwa wa ubongo. Mwishoni mwa miaka hiyo alirudi kwao, nchi maskini iliyokuwa chini ya dikteta Salazar, akafanya kazi katika Hospitali ya Santo António, mjini Porto.

Mwaka 1939 alimpima mwanamke wa miaka 37 kutoka Póvoa de Varzim, mji wa wavuvi ulio kilomita kama 30 kaskazini ya Porto, ufukweni mwa Atlantiki. Miguu ya mama huyo haikusikia joto wala maumivu, na ilikuwa imeanza kulegea. Vitabu vya Corino vilikuwa na magonjwa ya kufanana na huo, ila hakuna uliolingana nao sawasawa. Daktari mwenye haraka angeandika jina la ugonjwa ulio jirani, akapiga kengele ya kumwita mgonjwa anayefuata. Sisi sote tumekaa kwenye mabenchi hayo, tunaijua kengele hiyo.

Corino alisikia jambo lililomfanya asipige kengele. Kule Póvoa ugonjwa huo ulikuwa unajulikana, na ulikuwa na jina. Wavuvi waliuita mal dos pezinhos. Kwa Kiswahili tungesema ugonjwa wa vijiguu.

Jina hilo limebeba maelezo mengi kuliko linavyoonekana. Ugonjwa huanzia kwenye nyayo. Kwanza hupotea kusikia joto na maumivu, mtu akaungua au akachomwa na msumari asijue, vidonda vikaoza. (Mnaona jinsi unavyoweza kufikiriwa kuwa ukoma.) Kisha nguvu huondoka: mgonjwa hawezi kuinua unyayo, basi huinua goti juu kama anayevuka dimbwi, na mguu ukishuka hupiga chini pwaa. Ganzi hupanda taratibu mwilini. Tumbo huchafuka, mara kuharisha mara kufunga choo. Mwanamume huishiwa nguvu za kiume. Mtu akisimama ghafla huona kizunguzungu akaanguka. Kwa watu wa Póvoa ulianza zaidi kwenye miaka ya thelathini ya umri, wakati mtu ana mashua, mke na watoto wadogo, na ukaua kwa wastani baada ya miaka kama 10 hivi.

Wavuvi hao walikuwa wakioana wenyewe kwa wenyewe, na walikuwa na desturi moja ninayoipenda. Kila familia ilikuwa na alama yake, mistari michache tu, iliyochongwa kwenye mashua na kutiwa kwenye vyombo vya uvuvi. Mtoto wa kiume wa mwisho aliirithi alama ya baba kama ilivyo, na kaka zake waliongeza kistari kimoja au zaidi kila mmoja kwa nafasi yake. Ukiokota kifaa pwani ulijua ni cha nani na ni mtoto wa ngapi. Basi ugonjwa nao ulirithiwa, isipokuwa wenyewe haukujali wa kwanza wala wa mwisho, mwanamume wala mwanamke. Mzazi mwenye kasoro hiyo, kila mtoto anayemzaa ni kama kurusha sarafu: nusu ya bahati kwamba atairithi, nusu kwamba hatairithi. Jambo hilo la sarafu lilikuja kuthibitishwa miaka ya 1960.

Corino alianza na yule mama mmoja, akaongeza mwingine, na mwingine, na jamaa zao. Ilimchukua miaka 13. Mwaka 1952 ndipo alipochapisha taarifa yake katika jarida la Kiingereza liitwalo Brain, akieleza kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, ni wa ukoo, na kwamba ndani ya mishipa ya fahamu ya wagonjwa mnajaa kitu kinachoitwa amiloidi. Amiloidi ni protini iliyojikunja vibaya ikagandamana, mwili usiweze kuisafisha, kama takataka zinazoziba mtaro hadi maji yakakataa kupita.

Hapa niseme jambo la pembeni, maana sidhani nitapata nafasi nyingine. Rangi inayotumika maabara hadi leo kutambua amiloidi chini ya darubini huitwa nyekundu ya Kongo. Ukilisikia jina utadhani imetoka kwenye mti wa msitu wa Kongo. Wapi! Ilitengenezwa Ujerumani, ikatiwa sokoni mwaka 1885, mwaka ule ule mataifa ya Ulaya yalipomaliza mkutano wa Berlin wa kugawana Afrika, na kwa kuwa Kongo ilikuwa midomoni mwa kila mtu, wafanyabiashara wakaona jina litauza nguo. Kongo yenyewe haikuambulia kitu.

Turudi Porto. Siku hizo hazikuwa nyepesi kwa daktari mwenye msimamo wake. Corino aliwekwa kizuizini na polisi wa siasa wa Salazar mwanzoni mwa miaka ya 1950, karibu na wakati ule ule taarifa yake kubwa ilipokuwa njiani. Alitoka, akarudi wodini. Wagonjwa wa vijiguu waliendelea kuja, naye aliendelea kutokuwa na dawa.

Nataka tusimame hapo, kwa sababu hapo ndipo lilipo swali la yule mama wa Buguruni. Kutoka 1939 hadi 1990 ni miaka 51. Kwa muda wote huo mgonjwa wa Póvoa aliyekwenda hospitali alirudi nyumbani na hukumu ile ile. Sasa daktari wa namna hiyo ana kazi gani? Si bora mganga, ambaye angalau hutoa jibu na kuku wa kuchinja?

Mimi nimelifikiria hivi. Mganga alimwambia yule mama kwamba babu alidhulumu yatima. Babu amekufa, yatima amekufa, shahidi hakuna. Jibu hilo haliwezi kuulizwa swali la pili. Tena linawaweka wagonjwa kwenye kizimba: wanaumwa kwa kosa, hata kama si lao. Corino alichowaambia watu wa Póvoa ni kwamba ugonjwa wao upo kweli, si ukoma, si uchafu, si adhabu, na kwamba unapita kwenye damu ya ukoo kwa utaratibu unaoweza kuhesabiwa. Halafu hakuishia kwenye kutamka. Alisaidia kuanzishwa kituo maalum cha kuuchunguza hapo hapo Porto, mafaili ya koo yakatunzwa, na vijana waliokuja baada yake wakakuta pa kuanzia. Mwenye daftari la miaka 40 hana dawa, lakini anaweza kukosolewa na kuongezewa.

Na kweli likaongezewa. Mwaka 1978 Pinho e Costa na wenzake, Wareno pia, waligundua kwamba ile takataka kwenye mishipa inatokana na protini ya damu ambayo leo inaitwa transthairetini. Ina kazi ya heshima kabisa: hubeba homoni ya tezi la shingo, na husaidia kubeba vitamini A. Mwaka 1984 mwanamama Maria João Saraiva na wenzake wakaonyesha kosa lenyewe. Protini hiyo ni mnyororo wa vipande 127. Kipande cha 30, ambacho kwa watu wengi ni valini, kwa wagonjwa wa Kireno ni methionini. Kipande kimoja! Ndicho kilichokuwa kikimaliza wavuvi vizazi kwa vizazi.

Sasa, transthairetini ya kwenye damu hutengenezwa zaidi na ini. Kwa hiyo ugonjwa wa miguu kiwanda chake kiko tumboni. Mwaka 1990 madaktari wa Sweden, ambako ugonjwa huo huo upo kaskazini mwa nchi yao, walimtoa mgonjwa ini lake wakampandikiza la mtu mwingine. Kiwanda kibovu kikafungwa. Mishipa iliyokwisha kufa haikufufuka, lakini kwa wengi ugonjwa ulisimama au ukapunguza mwendo. Ureno ikaipokea njia hiyo, na mwaka 1995 mjini Coimbra wakafanya jambo la ajabu zaidi. Ini la mgonjwa wa vijiguu, ukiacha kosa hilo moja, ni zima. Wakalichukua lile lililotolewa wakampa mtu mwingine aliyehitaji ini, kwa hesabu kwamba protini mbovu itachukua miaka mingi kabla haijamdhuru. Mgonjwa anapokea kwa mkono mmoja na kutoa kwa mwingine, siku hiyo hiyo.

Dawa ya kumeza ilikuja mwaka 2011, Ulaya ilipoidhinisha tafamidisi. Transthairetini hutembea vipande vinne vimeshikana, kama watu wanne waliobeba machela; matatizo huanza mmoja akiachia. Dawa hiyo huwafunga wanne pamoja wasiachane. Mwaka 2018 zikafuata dawa za sindano zinazolinyamazisha ini lisitoe protini hiyo. Mojawapo, patisirani, ilitangazwa Marekani kwa bei ya kama dola 450,000 kwa mwaka kabla ya punguzo. Naisoma tena msidhani nimekosea: dola laki nne na nusu, mgonjwa mmoja, mwaka mmoja. Kwa bei hiyo hata yule asiyeamini waganga atatafuta kuku.

Jambo ambalo sijalimaliza kichwani ni hili la kupima. Tangu kosa lilipojulikana, kijana wa miaka 20 aliye mzima kama chuma anaweza kutoa damu akaambiwa kwamba anayo kasoro au hana. Kabla ya 1990 aliyeambiwa anayo aliambiwa hivyo mikono mitupu. Wapo watakaotaka kujua, wapange ndoa na uzazi. Wapo watakaosema niache niishi. Porto walijifunza kwamba huwezi kumpa mtu jibu kama hilo dirishani kama risiti ya luku. Panatakiwa mazungumzo kabla, na mazungumzo baada, na haki ya kubadili mawazo mlangoni. Mimi mwenyewe nina watoto watatu, na nikijaribu kujiweka mahali pa mvuvi wa Póvoa hubadili jibu langu kila nikiuliza.

Wala msidhani haya ni mambo ya Wareno tu. Kosa lile lile la kipande cha 30 liko Japani, ambako lilielezwa mwaka 1968, na Sweden, ambako wengi huanza kuumwa wakiwa wamevuka miaka 50, ingawa kosa ni moja. Na kosa jingine la protini hiyo hiyo, la kipande cha 122, lina asili ya Afrika Magharibi. Kati ya Wamarekani weusi 100, watatu au wanne hulibeba. Lenyewe hupiga zaidi moyo, uzeeni, na wengi wameandikiwa shinikizo la damu wakati moyo ulikuwa umejaa amiloidi.

Corino mwenyewe hakukaa kusubiri sifa. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1974, yeye na wenzake walianzisha mwaka 1975 taasisi mpya ya sayansi za tiba mjini Porto. Waliipa jina la Abel Salazar, daktari aliyefukuzwa chuo kikuu mwaka 1935 na serikali ya yule Salazar mwingine, na nadhani walicheka walipokuwa wakiandika kibao. Mwaka 1976, akiwa na miaka 70, umri ambao wengi wetu tutakuwa tukibishana na televisheni, alikwenda visiwa vya Azores katikati ya Atlantiki pamoja na daktari kijana, Paula Coutinho. Huko kulikuwa na ugonjwa mwingine wa ukoo, wa kuyumba kama mlevi, macho kushindwa kutulia, viungo kukakamaa. Marekani ulikuwa umekwisha kuelezwa kati ya wahamiaji kutoka visiwa hivyo, lakini kila ukoo ulipewa ugonjwa wake: wa akina Machado kivyake, wa akina Joseph kivyake. Wawili hao walipowapima watu kwenye visiwa vyenyewe, nyumba za asili, waliona kwamba ni ugonjwa mmoja wenye sura nyingi, hata ndani ya familia moja. Walichapisha mwaka 1978. Leo unaitwa Machado-Joseph, na jeni lake lilipatikana Japani mwaka 1994. Dawa ya kuuzuia haijapatikana. Kwa hiyo alifanya jambo lile lile mara ya pili katika maisha yake, na mara hiyo akijua kabisa kwamba huenda hataona mwisho wake.

Alifariki mwaka 2005, akiwa na miaka 99. Ule wa kwanza, wa vijiguu, aliishi hadi akaona watu wake wakipandikizwa ini na kulea watoto wao.

Yule mama alinipa namba yake ya simu, na juzi nilimpigia. Sikuwa na jina la ugonjwa wa kaka yake, na sitabuni. Nilimwambia anunue daftari. Aandike nani aliumwa, alianza na umri gani, alianzia mguu au mkono, alizaa na nani, watoto wangapi. Aandike na wazima, asiwaruke, maana nao ni ushahidi. Kisha ampeleke kaka yake kwa daktari na daftari hilo mkononi, aombe rufaa ya kumwona bingwa wa mishipa ya fahamu, na akipigiwa kengele asinyanyuke kwanza.

Alicheka kidogo. Akasema shida ni wazee, hawataki majina ya marehemu yaandikwe kwa ajili ya jambo kama hilo. Lakini shangazi yake mmoja, bibi wa miaka zaidi ya 80, ameanza kumtajia usiku, wengine wakishalala. Hadi juzi walikuwa wamefikisha majina 11.